Foku ya hewa inazama kwenye baridi: imekufa ama ni baridi tu?

"Fundi habari. Niko Brooklyn Park huku Minnesota, mwaka wa pili sasa. Mwezi wa nane nilinunua maunteni baiki ya mkono wa pili, tairi za 29, foku ya mbele (ule uma unaoshika gurudumu) ni ya hewa, inasogea milimita 120, nyuma haina shoki. Wakati wa joto ilikua tamu sana. Tangu Desemba nikienda nayo njia za bustani ya Theodore Wirth, dakika za kwanza foku iko ngumu kama mti, alafu nikipita matuta kadhaa inazama inabaki chini, inarudi polepole kama mzee anayeinuka kwenye mkeka. Hewa nikipima nyumbani ni PSI 80 kamili. Nikaongeza mpaka 95, ikawa ngumu zaidi. Juzi ilikua hasi 15. Jamaa mmoja kaniambia nipake dizeli kwenye ile mirija, mwingine nifunge lokauti (ile swichi ya kuzuia foku isisogee) mpaka Aprili, wa tatu anasema foku imekufa ninunue mpya, na bei ya foku mpya inakaribia niliyonunulia baiskeli nzima. Naomba uniambie ukweli."

Ndugu yangu, pesa yako irudishe mfukoni kwanza. Kwa ulivyoeleza foku haijafa, inasikia baridi, na kuna njia ya kuhakikisha hilo bila kumlipa mtu hata senti, nitakufikisha hapo. Ila nimependa ulivyoandika dalili manake umetaja vitu viwili ambavyo ukivisikia haraka vinapingana, iko ngumu na hapohapo inazama, na wale washauri wako watatu kila mmoja kashika upande mmoja akakimbia nao.

Hasi 15 nachukulia ni Selsiasi, ambayo kwenye redio za huku ni 5 ya Farenhaiti. Kama ulimaanisha hasi 15 ya Farenhaiti hiyo ni karibu hasi 26 ya Selsiasi, na hapo mimi ningekuuliza habari za vidole kabla ya kuuliza foku.

Sasa tuingie ndani. Foku ina miguu miwili na kila mguu una kazi yake. Kwa foku nyingi za hewa mguu wa kushoto ndio wenye hewa, hiyo ndiyo springi, kazi yake ni kukubeba. Mguu wa kulia una dampa, yaani mafuta yanayolazimishwa kupita kwenye vitundu vidogo ili springi isiwe na kiherehere ikakurusha. Baridi inaingia miguu yote miwili kwa mpigo, lakini inachofanya kushoto siyo inachofanya kulia. Ndio maana unachanganyikiwa.

Tuanze na hewa. Hewa iliyofungiwa mahali ikipoa presha yake inashuka, hata kama hakuna tundu popote. Ile 80 uliyopima sebuleni kwenye nyuzi 20, foku ikishapoa kabisa kwenye hasi 15 inabaki kama 69. Ukitaka kujihakikishia, chukua 80 ongeza 14.7 ambayo ni presha ya hewa inayotuzunguka sote na geji haihesabu, unapata 94.7, zidisha kwa 258 gawa kwa 293, hizo ni hasi 15 na 20 zikihesabiwa kutoka sifuri halisi, alafu ile 14.7 itoe tena. PSI 11 zimekwenda na hakuna mwizi. Kwa presha kama yako, kila nyuzi 10 zikishuka hesabu umepoteza 3 na kitu. Alafu wewe mwenyewe umeongezeka, si una buti, jaketi, suruali mbili na begi la maji, hizo ni kilo kadhaa ambazo mwezi wa nane hukuwa nazo. Springi imepungua, mzigo umeongezeka, itaachaje kuzama?

Mguu wa kulia sasa. Kama umekulia nyumba inayotumia mafuta ya nazi unajua kwamba yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi yanaanza kuganda kwenye chupa, mama anaiweka juani au anaizamisha kwenye maji ya moto ndio yamiminike. Mafuta ya dampa hayagandi namna hiyo, yametengenezwa kwa kazi hii, lakini yanakua mazito, na mafuta mazito kupita kitundu kilekile cha zamani yanachukua muda. Kwa hiyo ukigonga tuta foku inakataa kuingia, mikono inaumia, unasema ngumu. Ikishaingia inakataa kutoka. Tuta la pili linaikuta haijarudi linaibonyeza tena, la tatu hivyohivyo, baada ya mita 50 unaendesha foku iliyobaki na nusu ya safari yake. Kuzama kwako kwingi kunatoka hapa kuliko kwenye hewa, na ndio maana kuongeza mpaka 95 hakukukusaidia, uliongeza nguvu kwenye mguu wa kushoto wakati tatizo kubwa limekaa wa kulia.

Na bado sijasema za sili. Zile pete za mpira zinazokumbatia mirija zinakakamaa kwenye baridi, grisi iliyo chini yake inakua kama nta, basi foku inagoma kuanza kusogea hata kwa tuta dogo. Dakika za kwanza ndio mbaya zaidi. Wakati wa joto ukishuka mlima kwa kasi mafuta yanapata moto kidogo kwa kusukumwasukumwa, lakini kwenye theluji spidi yenyewe ndogo, hayapati moto wa maana, kwa hiyo usisubiri itajipasha njiani.

Sasa ile njia niliyokuahidi. Leo usiku ingiza baiskeli ndani, ilaze sebuleni mpaka asubuhi. Asubuhi kabla hujagusa pampu, inua gurudumu la mbele juu lining'inie, chukua futi kamba upime mrija unaong'aa, kutoka juu ya ile sili ya vumbi mpaka pale unapoingia kwenye taji la foku, kile kichwa kinachounganisha miguu miwili. Andika. Kisha shusha gurudumu, bonyeza hendeli kwa nguvu uachie ghafla, angalia inavyorudi. Kama ndani ya nyumba inarudi upesi kama ilivyokua mwezi wa nane basi dampa ni nzima, ugomvi wako ni baridi na ni wa kurekebisha. Baada ya hapo iache nje saa mbili nzima, siyo dakika kumi, foku ni chuma kingi inachelewa kupoa, urudie vipimo vilevile. Kurudi kutakua polepole, hilo tunalitegemea. Kinachonihusu zaidi ni ile namba ya futi.

Manake kuna ugonjwa mmoja wa foku za hewa ambao baridi ndiyo inaufichua. Ndani ya ule mguu wa kushoto kuna vyumba viwili vya hewa, kikubwa kinachokubeba na kidogo chini yake kinachoivuta foku kidogo ili ianze kusogea kirahisi, na katikati kuna pistoni yenye sili. Sili ikiwa imechoka, kwenye baridi inakakamaa hewa inapenya kutoka chumba kikubwa kwenda kidogo zaidi ya inavyotakiwa, na kile kidogo kinashinda, kinaivuta foku chini inakaa fupi hata ukiinua gurudumu hewani. Wenye fatbaiki, zile baiskeli za tairi nene sana, wenye foku za hewa wanaijua sana hii. Kwa hiyo kama ndani ulipata milimita 125 mathalani na nje ukapata 95, hapo siyo mafuta mazito tena, ni sili za hewa zinataka kubadilishwa, kazi ambayo bei yake ni ndogo sana kuliko ya foku mpya. Ukipata namba zilezile ndani na nje, au tofauti ya milimita chache tu, endelea kusoma kwa raha.

Kurekebisha kwenyewe. Chini ya mguu wa kulia kuna kitufe, kwa foku nyingi ni chekundu, pengine kimechorwa sungura na kobe. Hiyo ndiyo ribaundi, spidi ya kurudi. Kikizungushwa kinalia tik, tik; hesabu kwanza imekaa mlio wa ngapi kutoka upande wa kobe, andika kwenye kipande cha selotepu ubandike kwenye fremu, manake Aprili utakua umesahau, alafu izungushe kuelekea kwa sungura milio mitatu, uende ukaijaribu, ikiwa bado inasuasua ongeza miwili. Nimeona watu kwenye hasi 20 wamefika mwisho kabisa wa sungura na foku bado ina usingizi, huo ndio mpaka wa kitufe, zaidi ya hapo ni kubadilisha mafuta. Kitufe cha juu cha kubana fungua chote.

Hewa nayo ipangie kule unakoendeshea. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kupima nje foku ikiwa imeshapoa, ukiwa umevaa nguo zako zote, ukae juu ya baiskeli usome ile pete nyembamba ya mpira inayoteleza kwenye mrija (siyo sili), foku ikishuka milimita 24 mpaka 30 kwa foku ya 120 uko sawa. Ya pili ni ya wavivu kama mimi: jaza ndani mpaka 93, ukitoka kwenye hasi 15 itakua imeshuka yenyewe kwenye 80. Angalia tu kibandiko cha presha ya mwisho kwenye mguu wa foku usikivuke. Na ile 95 yako, sasa unaona, haikua kosa sana kumbe, ulichosahau ni ribaundi.

Niingize neno hapa kuhusu pampu, manake watu wengi wanadhani foku inavuja kumbe ni pampu. Ukifunga ile pampu ndogo ya shoki, hewa kidogo inatoka kwenye foku inajaza mpira wa pampu, ndio maana kila ukipima unakuta imepungua kidogo kuliko ulivyoacha. Na ule mlio wa psss wakati wa kufungua unakua ni hewa ya kwenye mpira wa pampu, ya foku imeshafungwa na valvu. Mtu anaweza kukesha anapima.

Kuhusu dizeli: hapana. Wala ile dawa ya kopo ya kulegeza nati. Chini ya sili ya vumbi kuna pete ya sponji iliyolowekwa mafuta, hiyo ndiyo inapaka mrija kila foku inavyosogea. Dizeli inaiosha ile sponji, siku ya kwanza foku inateleza raha mustarehe, baada ya wiki imekauka kuliko mwanzo na mrija unaanza kukwaruzika. Huyo jamaa yako huenda kweli ilimsaidia siku ya kwanza, ila aliondoka kabla filamu haijaisha. Kama unataka kupaka kitu paka tone la mafuta yaleyale ya foku, bonyeza mara kumi, futa.

Lokauti mpaka Aprili nayo siipendi. Lokauti ni valvu inayoziba njia ya mafuta, na nyingi zina mlango wa dharura unaofunguka ukigonga kitu kikubwa. Mafuta yakiwa mazito ule mlango unachelewa, pigo lote linaenda kwenye sili na viganja vyako. Foku isiyosogea miezi minne pia sponji zake zinakauka. Kwenye barabara iliyolimwa theluji ifunge ukitaka, ukiingia msituni fungua.

Swali la kuilaza wapi halina jibu moja, ntakuambia ninavyofanya mimi. Ukiilaza ndani ya joto, theluji inayeyuka, maji yanaingia chini ya sili ya vumbi, kesho ukitoka yanaganda palepale na barafu inakata midomo ya sili. Ukiilaza nje haiyeyuki lakini hewa na mafuta ndio hivyo tena. Mimi nikirudi nabrashi theluji yote nje kabla sijaingia, na brashi ya rangi ya kawaida, nafuta mirija kwa kitambaa kikavu, nabonyeza foku mara tano nafuta tena, ndio naingiza. Maji ya moto usimwage, na ile mashine ya kuoshea magari ikae mbali kabisa. Ila kama umepita barabarani kwenye chumvi hapo lazima uioshe, kwa maji ya vuguvugu kidogo na kitambaa, ukaushe, kwa sababu ile miguu ya chini ya foku nyingi ni ya magniziamu na chumvi inaitafuna kimyakimya kuanzia kwenye mikwaruzo. Foku nilizozika mimi hapa Duluth kwa sababu ya chumvi ni nyingi kuliko zilizokufa kwa baridi.

Tuje kwenye pesa. Wewe umeinunua mkono wa pili, na nina wasiwasi mwenye nayo wa kwanza hakuwahi kuifungua. Watengenezaji wengi wanataka ile huduma ndogo, kushusha miguu ya chini, kusafisha, kuweka sponji na mafuta mapya, kila baada ya saa 50 hivi za kuendesha, na karibu hakuna anayefanya. Anzia hapo. Mwambie fundi unaendesha kwenye baridi kali, atatumia grisi laini kwenye sili na kama unataka kwenda mbali zaidi atabadilisha mafuta ya dampa aweke mepesi. Mafuta mepesi yana kisirani chake, mwezi wa saba foku itakua na haraka kupita kiasi itabidi uizungushe sana kuelekea kwa kobe, au urudishe yale ya zamani.

Njia ya pili ni kuachana na foku ya kusogea wakati wa baridi, na usinicheke. Theluji iliyoshindiliwa inajaza mashimo na mizizi, njia ileile ya Wirth iliyokua inakutikisa mwezi wa nane sasa ni kama zulia. Ndio maana fatbaiki nyingi huku zina foku ngumu, kipande kimoja kisichosogea na kisicho na chochote ndani. Kampuni ya Surly walipotoa fatbaiki yao ya Pugsley 2005, hapahapa Minnesota kule Bloomington, haikua na shoki popote, tairi ndio ilikua shoki. Watengenezaji wa foku RockShox walileta foku ya fatbaiki, Bluto, 2014, na ni nzuri, lakini ukienda International Falls mwisho wa Januari kwenye mashindano ya Arrowhead 135, maili 135 kwenye baridi ambayo sa ingine inapita hasi 30, utaona wengi bado wako na foku ngumu, kitu kisicho na mafuta wala sili hakina cha kuganda. Kuna na watu wa Lauf kule Iceland waliotengeneza foku ya kaboni yenye vipande vyembamba vya nyuzi za kioo vinavyopinda badala ya springi ya hewa, haina mafuta kabisa. Nzuri kwa baridi, ila bei yake si ya kwako na wala siyo ya kwangu.

Ukinunua foku ngumu pima urefu kwanza, kutoka ekseli mpaka taji, kwenye foku yako ya sasa ukiwa umeikalia. Ukiweka fupi kwa milimita 20 pembe ya mbele inakua wima kwa karibu digrii moja, baiskeli inakua na wasiwasi na pedeli zinaanza kugonga chini. Foku ya springi ya chuma? Chuma hakipungui nguvu kwa baridi kama hewa, lakini dampa ni ileile ya mafuta, kwa hiyo umetibu nusu. Kwa mfuko wako ningefanya huduma ndogo, nicheze na ribaundi, basi.

Na hapa ndipo ningekushika mkono kweli, acha kuitazama foku peke yake. Tairi zako nazo zinapoteza hewa, uliyojaza 25 ndani inakua 20 nje, na kwenye theluji hilo ni jambo jema. Wengi wenye tairi za inchi 2.4 zisizo na tyubu wanashuka mpaka 15 hivi kulingana na uzito wao. Kama una tyubu usishuke sana, rimu itakukatia. PSI tatu za tairi utazisikia mkononi kuliko milio yote ya ribaundi. Ukiona unaacha mtaro nyuma yako kwenye njia iliyoshindiliwa shuka urudi, kuna watu wa kujitolea wamekesha wakiishindilia, na mwezi wa tatu ikianza kuyeyuka mchana endesha asubuhi mapema tu.

Kitu kingine, pedeli zikizunguka bure bila kushika kwenye baridi kali usidhani cheni imekatika, ni grisi ndani ya frihabu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma, imezuia vile vimeno vyake visiruke vikashika. Simama, usiilazimishe kwa kusimama juu ya pedeli, utaanguka vibaya. Na vidole vikifa ganzi vikawa vyeupe, safari imeisha, ingia ndani. Upepo wa spidi yako mwenyewe unahesabika.

Wakati wa kuipeleka kwa fundi ni huu. Ile namba ya futi ikipungua sana nje kama nilivyosema. Foku ikiwa bado inarudi polepole hata baada ya kulala ndani. Ukiona pete ya mafuta inayorudi kila ukifuta, au mkwaruzo kwenye mrija unaoshika ukucha. Ukishika breki ya mbele ukasukuma baiskeli mbele nyuma ukasikia kugonga, ambapo kwanza hakikisha siyo bearing za usukani zilizolegea. Na ufa wowote, hata wa kama unywele, hiyo usipande hata kuipeleka dukani, ibebe kwenye gari. Mguu wa hewa usiufungue mwenyewe kwa kuangalia video, ikiwa imebaki presha ndani ile kofia inatoka kama risasi, na ukiwa na ule ugonjwa wa chumba cha chini hewa inaweza kubaki hata ukishabonyeza valvu ukadhani umemaliza.

Basi ilaze sebuleni leo. Kesho nitumie namba ya ndani, namba ya nje, na ribaundi ilikua mlio wa ngapi kutoka kwa kobe, nitakuambia kama uende kwa fundi ama uende Wirth.